Anayesahau Asisahauliwe

Katika vikao vya Haki na Amani vya parokia zetu tumezoea kuzungumza juu ya mashamba yaliyoporwa, mirathi ya wajane, rushwa katika ofisi za umma na watoto wanaonyimwa shule. Mambo hayo ni mazito, na hatuna budi kuendelea kuyasemea. Lakini liko jambo jingine linalopita mbele ya macho yetu kila Jumapili bila kuandikwa katika ajenda yoyote. Ni habari ya mzee ambaye juzi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mhazini wa kigango au kiongozi wa Rozari, na leo anauliza swali lile lile mara tano katika saa moja, anapotea njia ya kurudi nyumbani kutoka sokoni, na anamshutumu mjukuu wake kuwa amemwibia kitambaa ambacho amekiweka mwenyewe ndani ya chungu. Polepole haonekani tena katika sala za jumuiya. Akiulizwa habari zake, jibu huwa fupi: "Ni uzee tu."

Jibu hilo mara nyingi si la kweli, na madhara yake ni makubwa. Mzee huyo huenda ni mgonjwa. Ugonjwa wake una jina, una dalili, na una mwanzo. Katika mwanzo huo angali anaweza kusema anachotaka, kupanga mambo yake, kusali na wenzake na kuwaaga wapendwa wake kwa akili yake mwenyewe. Jumuiya isiyo na elimu hupoteza wakati huo wa thamani; kisha, hali inapozidi, humwacha mzee mikononi mwa wapiga ramli na kumtwika binti mmoja mzigo wote. Jumuiya iliyoelimishwa inaweza kuyazuia yote mawili. Kwa sababu hiyo nasema kwamba kuwaelimisha waamini juu ya ugonjwa huu, na kuwategemeza wagonjwa na walezi wao, ni kazi ya haki kabla ya kuwa kazi ya huruma.

Tuujue ugonjwa wenyewe

Wataalamu huuita demensia. Sisi twaweza kuuita ugonjwa wa kusahau, ilimradi tukumbuke kwamba kusahau ni sehemu yake moja tu. Demensia ni jina la jumla la hali ambayo ubongo huharibika taratibu kwa maradhi, hata mtu akapungukiwa na kumbukumbu, maneno, uwezo wa kupima mambo na uwezo wa kufanya shughuli za kila siku. Aina inayowapata wengi zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, ulioitwa hivyo kwa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeueleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906, baada ya kuuchunguza ubongo wa mwanamke mmoja aliyekuwa amefariki. Aina nyingine hutokana na madhara ya mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa watu wenye shinikizo la damu lisilotibiwa au waliopatwa na kiharusi.

Kila mzee husahau. Mtu anayesahau alipoliacha jembe, kisha akalikumbuka baadaye, hana sababu ya kuogopa. Wa kuangaliwa ni yule anayesimama shambani na jembe mkononi asijue alitumie vipi. Mama aliyesonga ugali kwa miaka hamsini na sasa hajui kipi kitangulie, maji au unga. Mzee aliyekuwa hodari wa hesabu za mnada na sasa anashindwa kuhesabu chenji. Dalili nyingine za mwanzo ni kurudia maneno, kukosa majina ya vitu vya kawaida, kuchanganya siku na nyakati, kupotea mahali alipozaliwa, kuweka vitu pasipo pahali pake, kubadilika tabia, kuwashuku watu wa nyumbani, na kujitenga na watu kwa kuogopa aibu.

Hapa pana jambo ambalo kila kiongozi wa jumuiya apaswa kulijua. Siyo kila anayechanganyikiwa ana demensia. Huzuni nzito baada ya kufiwa na mwenzi, upungufu wa vitamini fulani, ugonjwa wa tezi ya shingo, ulevi, madhara ya dawa, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, vyote vyaweza kumfanya mtu aonekane amepoteza akili. Na vingi kati ya hivyo vinatibika. Tena, mzee aliyekuwa mzima na akachanganyikiwa ghafula, kwa muda wa siku moja au mbili, apelekwe hospitali bila kukawia, maana huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini. Kwa hiyo anayesema "ni uzee tu" aweza kumnyima mzazi wake tiba ambayo ingemrudisha katika hali yake. Waswahili walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Demensia yenyewe haijapata dawa ya kuiponya. Dawa zilizopo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa kiasi, wala hazirudishi kilichopotea. Lakini kukosa dawa ya kuponya siyo kukosa la kufanya. Tume ya wataalamu iliyotoa taarifa yake katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2024 ilikadiria kwamba karibu nusu ya demensia duniani, yaani asilimia 45, ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama visababishi vinavyojulikana vingeondolewa: shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, pombe nyingi, majeraha ya kichwa, upungufu wa kusikia, upweke, hata kukosa elimu utotoni. Kijana anayepanda bodaboda bila kofia, na baba anayeacha dawa za presha kwa kuwa "leo najisikia vizuri", wote wawili wanahusika na somo hili.

Je, ugonjwa huu uko kwetu?

Wapo wanaodhani kwamba haya ni magonjwa ya Ulaya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ndizo nchi kama yetu. Hapa Tanzania, watafiti walipita vijijini katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima karibu watu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa umri huo walikuwa na demensia. Huyo ni takriban mzee mmoja katika kila kumi na sita. Basi kila Paroko na ahesabu wazee wa parokia yake, kisha ajiulize wako wapi. Wengi hawapo katika orodha yoyote ya wagonjwa. Wapo vyumbani.

Ujinga unapogeuka kuwa hukumu

Madhara makubwa kuliko yote ya kukosa elimu ni kwamba ugonjwa hugeuzwa kuwa kosa. Baadhi ya mikoa yetu, hususan Shinyanga na Mwanza, imebeba kwa miongo mingi aibu ya vikongwe kuuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Tumeeleza mara nyingi kwamba macho mekundu ya bibi yatokana na moshi wa jiko alilolipuliza tangu ujana wake. Ni vema tuliongeze fundisho hilo kwa fundisho la pili: dalili za demensia, moja baada ya nyingine, zinafanana mno na yale ambayo watu huyahesabu kuwa ushahidi wa uchawi.

Tafakarini wenyewe. Bibi huamka usiku wa manane, akidhani kumekucha, akatoka kwenda kisimani ambako kisima kilikwisha fukiwa zamani. Anapotea. Alfajiri anakutwa uani kwa jirani, nguo zimemlegea, hawezi kueleza ametoka wapi wala anakwenda wapi. Jirani hasemi, "Huyu ni mgonjwa." Husema, "Ungo umeanguka," na kabla ya jua kupanda umati umejaa. Bibi huyo huyo huzungumza peke yake, huwataja waliokufa kana kwamba wapo hai, humtazama mtoto wa jirani bila kupepesa macho, na akihojiwa hukubali kila anachoulizwa, kwa sababu swali hakulielewa na anataka tu waache kumpigia kelele. Kukubali kwake huko huchukuliwa kuwa ni kukiri. Hapo ramli chonganishi humalizia kilichobaki.

Sheria ya Uchawi ya nchi yetu huhesabu kuwa ni kosa kumtangaza mtu hadharani kuwa ni mchawi. Lakini sheria hufika baada ya damu kumwagika. Kinachotangulia ni elimu. Kijiji ambacho mwenyekiti wa kitongoji, sungusungu, katekista na mganga wa zahanati wote wanajua kwamba mzee aliyepotea usiku ni mgonjwa wa kurudishwa nyumbani, ni kijiji ambacho bibi huyo ataishi.

Ziko pia dhuluma nyingine zisizofika magazetini. Kuna mzee anayefungwa kamba ili asitoke. Kuna anayefungiwa chumbani tangu asubuhi hadi watu warudi shamba. Kuna anayekemewa kwa sauti kuu na vikundi vya sala kana kwamba ana pepo. Kumwombea mgonjwa ni jambo jema na la lazima. Lakini kumkemea mgonjwa ambaye hana pepo ni kumtisha mtu asiyeweza kujitetea, na kuichosha familia kwa matumaini ya uongo. Anayefunga kamba mara nyingi si mkatili. Ni mtu aliyechoka ambaye hakufundishwa njia nyingine, wala hakuletewa wa kumpokea.

Wakati wa mwanzo ni wakati wa thamani

Napenda kukazia mwanzo wa ugonjwa, kwa sababu hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Ugonjwa huu kwa kawaida huenda polepole, na mwanzo wake waweza kuchukua miaka. Katika miaka hiyo mgonjwa si mtoto. Anasahau, lakini anajua kwamba anasahau, na kujua huko humtia hofu. Ana haki ya kuambiwa ukweli kwa upole. Ana haki ya kuulizwa anataka nini. Ana haki ya kubaki katika jumuiya yake na kupewa kazi anayoiweza, hata kama ni kuanzisha wimbo au kushika mshumaa.

Ana haki pia ya mali yake kulindwa, na hapa Tume za Haki na Amani zina kazi yao hasa. Mzee anayesahau ni windo rahisi. Huletewa karatasi jioni, huambiwa aweke dole gumba, na kesho yake eneo lake la mashamba limeuzwa. Mwingine huuza ng'ombe mmoja mara mbili, na kijiji humwita tapeli. Kwa hiyo familia na izungumze mapema, mzee mwenyewe akiwapo na akisikilizwa. Wosia huandikwa mtu akiwa na akili timamu na mbele ya mashahidi. Baada ya hapo waweza kuhifadhiwa mahali salama, mathalani katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ujulikanao kama RITA. Mipaka ya shamba ionyeshwe kwa watoto wote, mabinti wakiwamo, na uongozi wa kijiji ukishuhudia. Mtu wa kumsaidia kutunza fedha achaguliwe na mzee mwenyewe. Palipo na utata waitwe wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Yote hayo ni rahisi mwanzoni, na karibu hayawezekani baada ya miaka mitano. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tusisahau Sakramenti. Mgonjwa wa demensia asingoje siku za mwisho ndipo aletewe Mpako wa Wagonjwa. Na aendelee kupokea Komunyo Takatifu. Sisi tunaowapelekea wazee Ekaristi nyumbani tunashuhudia jambo la kustaajabisha: mama ambaye hakumbuki kama amekunywa chai asubuhi huisali Salamu Maria mpaka mwisho, na huimba nyimbo alizojifunza katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza bila kukosea ubeti. Kumbukumbu za kale hudumu kuliko za jana. Imani iliyopandwa mapema inakaa chini kabisa, na ugonjwa huchelewa kuifikia.

Jumuiya zetu zina hazina hapa ambayo hatujaitambua. Huko huko Hai wataalamu walijaribu njia ya kuwakusanya wagonjwa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 ndani ya wiki 7, ili wazungumze, waimbe, wakumbushane mambo ya zamani na kufanya kazi nyepesi za mikono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wa akili wa walioshiriki. Njia hiyo ilibuniwa Uingereza, na wataalamu waliirekebisha ili ipatane na mazingira yetu. Sitaki kusema kwamba sala ya jumuiya ni tiba ya hospitali. Nasema kwamba kikundi kidogo cha majirani, kinachokutana kila wiki, kinachoimba, kinachotajana kwa majina na kuketi pamoja, tunacho tayari. Tangu Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele katika miaka ya 1970, tumekuwa na chombo hicho mikononi. Kinachobaki ni kumwekea mzee anayesahau kigoda chake hapo, badala ya kumwondoa.

Mlezi naye ni binadamu

Nyuma ya kila mgonjwa yupo mlezi, na mara nyingi ni mwanamke. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa wa demensia hutolewa na wanawake. Kwetu huyo ni mke mwenye umri sawa na mgonjwa, au binti ambaye hakuolewa, au mke wa mwana, au mjukuu wa kike aliyetolewa shule "amwangalie bibi". Anaamka usiku mara nne. Anafua mashuka. Anatukanwa na mtu aliyemzaa. Haendi kwenye mnada, haendi kwenye vikoba, haendi Misa. Akiugua hana wa kumpokea. Na kaka zake walioko mjini hupiga simu jioni kutoa maagizo.

Waswahili wana msemo mkali kwa hali hiyo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huuona mwepesi. Amri ya Mungu ya kuwaheshimu baba na mama haikutolewa kwa mabinti peke yao. Mwana wa kiume anayetuma fedha mara moja kwa mwezi na kudhani amekwisha kutimiza wajibu wake, na ajue kwamba muda, usingizi na mgongo wa dada yake vina thamani pia, navyo vinatolewa bila kuhesabiwa. Haki ya kifamilia inadai kikao ambacho kila mtoto ataeleza atabeba nini: nani atatoa fedha, nani atakuja wiki mbili za likizo, nani atampeleka mzee kliniki, na nani atamlipia mjukuu ada ili arudi darasani. Mzee wa jumuiya au mjumbe wa Haki na Amani aalikwe kuwa msuluhishi pale ambapo ndugu hawasikilizani.

Elimu gani itolewe?

Elimu ninayoisema haihitaji jengo wala wafadhili. Muuguzi mmoja, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akishirikiana na katekista na kiongozi wa WAWATA, wanaweza kuitoa katika jumioni mbili. Kila mwamini na afundishwe walau mambo haya:

1. Dalili za mwanzo, na kwamba mwenye dalili hizo apelekwe zahanati au hospitali, siyo kwa mpiga ramli.

2. Namna ya kumsemesha mgonjwa. Msogelee kwa mbele, mtaje jina, jitambulishe, sema jambo moja kwa wakati mmoja, na ngoja jibu. Tuache kabisa desturi ya kumtania kwa kumwuliza, "Unanikumbuka? Mimi ni nani?" Swali hilo ni mtihani ambao mgonjwa hufeli mbele ya watu. Afadhali kusema, "Shikamoo mama, ni mimi Anna, jirani yako wa kwa mwembe."

3. Kutobishana naye. Akisema anamngoja mama yake aliyefariki zamani, usimpe habari za msiba upya kila siku. Mwulize mama huyo alikuwa mtu wa namna gani. Atasimulia, na atatulia.

4. Kutomsema mbele yake kana kwamba hayupo. Anasikia, na hisia zake hudumu hata pale maneno yanapomtoka.

5. Usalama wa nyumbani: moto, kisima, sumu za shambani, mlango wa usiku. Apewe kitambulisho kidogo chenye jina la kijiji na namba ya simu ya mtoto wake, kishonwe ndani ya nguo.

6. Kinga: kupima presha na kisukari, kuacha sigara na ulevi, kulinda kichwa, kutibu masikio, na kutowaacha wazee wapweke.

Hoja zinazotolewa kupinga

Wengine watasema kwamba parokia ina shida nyingi, na hili lingoje. Nawajibu kwamba mambo niliyoyataja hayadai mchango mpya. Yanadai saa mbili kwa wiki za jirani anayekuja kuketi na mgonjwa ili mlezi aende Misa, sokoni au kulala tu. Jumuiya yenye kaya kumi na tano ikipokezana, kila kaya itaitwa mara moja katika muda wa miezi mitatu na kitu. Nani atasema hilo ni zito?

Wengine watasema kwamba hii ni kazi ya familia. Ni kweli kwamba familia ndiyo ya kwanza. Lakini mafundisho ya jamii ya Kanisa yanasema pia kwamba chombo kikubwa kina wajibu wa kukiauni chombo kidogo kinapolemewa. Familia inayolemewa huauniwa na jumuiya, jumuiya huauniwa na parokia, na wote wana haki ya kuidai serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi kuwatambua wazee kuwa rasilimali ya taifa, na serikali imekuwa na utaratibu wa kuwasamehe gharama za matibabu wazee wasiojiweza. Tume zetu ziulize katika mikutano ya vijiji na kata: je, mzee wetu anapofika zahanati, kuna mtu anayejua kumchunguza, au huambiwa tena kwamba ni uzee? Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kwa nini sisi wa Bara tusiendelee kuuliza juu ya wazee wetu?

Wako hatimaye wanaosema, kwa sauti ya chini, kwamba mtu asiyejijua tena amekwisha kuondoka, na kwamba kumhudumia ni kuhudumia kivuli. Hili ndilo kosa la msingi. Hadhi ya binadamu haikai katika kumbukumbu yake. Inakaa katika kuumbwa kwake kwa mfano wa Mungu na kukombolewa kwake na Kristo. Havikupatikana kwa akili, wala havipotei kwa kukosa akili. Mwenye hekima Yoshua bin Sira, katika sura ya 3 ya kitabu chake, aliwaza hata juu ya mzazi ambaye akili yake imepungua, akamtaka mwana amvumilie, asimdharau kwa kujiona yeye ana nguvu. Naye nabii Isaya alifundisha kwamba hata mama akiweza kumsahau mtoto wake, Mungu hawasahau walio wake. Mzee akitusahau sisi, yeye hajasahauliwa na Mungu. Kinachobaki kujulikana ni kama atakuwa amesahauliwa na jumuiya yake.

Tuanzie wapi?

Napendekeza kila Halmashauri ya Walei ifanye mambo matatu kabla ya mwaka huu kwisha. Kwanza, kila jumuiya iandike majina ya wazee wasiofika tena kwenye sala, na kuwatembelea ili kujua sababu. Pili, itengwe siku moja ya mafundisho. Twaweza kutumia tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, au Jumapili ya nne ya Julai, ambayo Papa Fransisko aliiweka tangu mwaka 2021 kuwa siku ya mababu, mabibi na wazee. Tatu, kila mlezi apangiwe watu wa kumpokea, majina yao yasomwe waziwazi jumuiyani, ili ahadi isibaki maneno.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni mzee gani wa jumuiya yetu ambaye hatujamwona kwa miezi mitatu? Ni nani atakwenda kwake wiki hii?

2. Ikiwa mzee atakutwa amepotea usiku katika kitongoji chetu, nani ataitwa kwanza, na atasema nini mbele ya watu?

3. Nani anamlea mgonjwa peke yake kati yetu? Ni lini alipumzika mara ya mwisho?

4. Katika familia zetu, mzigo wa kuwatunza wazazi umegawanywa kwa haki kati ya watoto wa kiume na wa kike, walioko mjini na walioko kijijini?